Kutafuta Dhahabu Iliyofunikwa na Udongo: Mwongozo wa Sampuli za Juu na Uchorongaji katika Kanda ya Ziwa

Dhahabu iliyokuwa wazi juu ya ardhi katika Kanda ya Ziwa imekwisha kuonekana kwa sehemu kubwa. Ile ya Geita ilijulikana kwa Wajerumani tangu mwaka 1898, mgodi wa zamani wa hapo ulifanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966, na wachimbaji wadogo wamepita karibu kila kilima chenye kwatzi, lile jiwe gumu jeupe la mishipa, kutoka Nzega hadi Tarime. Iliyobaki, ambayo naamini ni nyingi, iko chini ya moramu, chini ya mchanga wa miteremko, na hasa chini ya mbuga, yaani mfinyanzi mweusi wa mabondeni. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuitafuta kwa sampuli za juu na kwa uchorongaji, yaani kutoboa ardhi na mwamba kwa mtambo, na umeandikwa kwa ajili ya kikundi cha wachimbaji chenye leseni, kampuni ndogo ya Kitanzania, au mwanajiolojia kijana aliyepewa eneo lake la kwanza. Kanuni moja itarudi mara nyingi humu, kwa sababu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote: jibu la maabara halina maana mpaka ujue udongo uliopimwa umetoka wapi na umefikaje pale ulipouchota.

Kabla ya sampuli ya kwanza

Haki ya kuwa kwenye eneo hutangulia kila kitu. Leseni ya uchimbaji mdogo wa dhahabu haizidi hekta 10 na hudumu miaka 7, ilhali leseni ya utafutaji ni pana zaidi na hutolewa kwanza kwa miaka 4. Tofauti hiyo hubadilisha mpango mzima wa kazi, maana mwenye hekta 10 mara nyingi anafuatilia mkanda ambao tayari umeonekana mahali fulani, na mwenye leseni ya utafutaji anatafuta kwanza mahali pa kuanzia. Thibitisha mipaka yako katika ofisi ya Afisa Madini Mkazi, kisha nenda kwa uongozi wa kijiji na kwa wenye mashamba, mkubaliane mapema kuhusu njia za kupita na fidia ya mazao. Mwezi mmoja wa mazungumzo ni nafuu kuliko mtambo wa kuchoronga uliosimamishwa katikati ya shamba la mpunga.

Tafuta ramani za jiolojia na takwimu za usumaku zilizopimwa kwa ndege kutoka Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, yaani GST, iliyoko Dodoma. Uwe mwangalifu na jambo dogo ambalo limepoteza watu wengi porini: ramani za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na GPS yako huja ikiwa imewekwa kwenye WGS84. Ukichanganya mifumo hiyo miwili, kila alama itahama kwa takribani mita 300, umbali unaotosha kukutoa kabisa nje ya leseni ya hekta 10.

Katika ramani hizo unatafuta mikanda ya miamba ya kijani, ambayo katika eneo hili ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ndani ya mikanda hiyo unatafuta mahali ambapo miamba ilipasuka na kusagana. Dhahabu haikusambaa ovyo humo. Ilisafiri katika maji ya moto yaliyopita kwenye nyufa, ikatua pale maji hayo yalipokutana na mwamba uliobadili hali yake. Geita, sehemu kubwa ilitua kwenye miamba ya chuma yenye mistari, ambako sumaku-chuma, yaani madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, iligeuzwa kuwa pairaiti, madini ya chuma na salfa. Kwenye mgodi wa Bulyanhulu, ilijaza mshipa wa kwatzi uliosimama karibu wima ndani ya kanda ya mpasuko, ikiambatana na shaba. Kwa hiyo mpaka kati ya mwamba mgumu na mwamba laini, au mstari wa usumaku uliokatika ghafla, unastahili kuwekewa alama kabla hujatoka ofisini.

Ukifika eneo la kazi, tembelea kila duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, hata lile lililofukiwa nusu. Duara lililoachwa ni shimo la uchunguzi ambalo mtu mwingine alikwisha kuligharamia. Pima mwelekeo wa mshipa aliokuwa akiufuata, uliinamia upande gani, na aliacha kwa sababu gani. Kuacha kwa sababu ya maji ni habari njema kwako. Kuacha kwa sababu mshipa ulikatika ni habari ya namna nyingine, inayokutaka utafute mpasuko uliousogeza. Wazee wa eneo na wachimbaji waliokuwepo huyajua mambo haya vizuri, na wakiulizwa kwa heshima huyaeleza.

Usomaji wa udongo

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa isomwe polepole. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo aitwaye Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha Amani kule Usambara, alionyesha kwamba udongo wa Afrika Mashariki hubadilika kwa mpangilio unaojirudia kutoka kilele cha kilima hadi bondeni. Wakulima wa Kisukuma walikuwa wakiujua mpangilio huo tangu zamani na kuupa majina: udongo mwekundu wa kikungu, mchanga mwepesi wa luseni juu ya mteremko, udongo mgumu wa itogolo chini yake, na mbuga nyeusi ya mfinyanzi kwenye bonde. Mtafutaji wa dhahabu anapaswa kuuchora mpangilio huo kwenye ramani yake kabla ya kuchota chochote.

Kwa kazi yetu, aina zote hizo zinaingia katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni udongo uliozaliwa papo hapo, kutokana na kuoza kwa mwamba ulio chini yake. Huu husema kweli kuhusu mwamba huo. Kundi la pili ni moramu na gamba gumu la chuma, ambalo huweza kukusanya dhahabu kutoka eneo pana na kuonyesha namba kubwa kuliko zinazostahili. Kundi la tatu ni udongo uliosafirishwa na maji au kuporomoka kutoka juu, na mbuga ndiyo mfano wake mkuu. Huu husema habari za mahali ulikotoka, na kuhusu mwamba ulio chini yake unaweza usiseme lolote.

Kuyatofautisha kunahitaji jembe na macho. Chimba shimo la mita moja hadi moja na nusu katika kila aina ya udongo unayoiona. Vipande vya kwatzi vyenye kingo kali havijasafiri mbali, vile vya mviringo vimebingirishwa na maji. Ukiona mstari wa mawe madogo umelala katikati ya udongo, kwa kawaida kilicho juu ya mstari huo kimehama na kilicho chini kiko nyumbani kwake. Ukikuta mfinyanzi ambao bado unaonyesha tabaka na mistari ya mwamba, ingawa unakatika kwa kucha, umefika kwenye mwamba uliooza. Mafundi wa visima vya maji ni walimu wazuri hapa, kwa sababu wanajua mbuga ina kina gani katika kila kitongoji na waligonga nini baada ya kuimaliza.

Sampuli za vijito na sampuli za udongo

Kwenye leseni kubwa yenye vilima, anza na mashapo ya vijito. Sampuli moja ya kilo mbili hadi tano, iliyochotwa mahali maji yanapopunguza kasi, huwakilisha eneo lote linalomwaga maji kwenye kijito hicho, na maabara huweza kuipima yote kwa kuiyeyusha kwa sayanaidi ili kupata hata dhahabu kidogo sana. Njia hii ni ya haraka na hupunguza eneo la kazi. Kwenye tambarare haifai, na kijito ambacho watu wameoshea dhahabu kwa miaka hakifai hata kidogo.

Sampuli za udongo ndizo moyo wa kazi ya juu. Panga mistari inayoukata mkanda wa miamba kwa pembe mraba, kamwe isiende sambamba nao. Kwenye eneo pana mistari inaweza kuachana mita 400 na sampuli zikachotwa kila mita 50. Pale panapoonyesha dalili unarudi na kuisogeza mistari hadi mita 100 na sampuli kila mita 25. Kwenye hekta 10 zenye umbo la mita 500 kwa 200, mistari 11 inayoachana mita 50, ikiwa na sampuli kila mita 10, itakupa sampuli 231, idadi ambayo kikundi chenye watu wachache wenye bidii kinaweza kuichota bila mashine yoyote.

Chota chini ya tabaka lenye mizizi na mboji, kwa kawaida kati ya sentimita 20 na 40, na ubaki katika tabaka la aina moja eneo zima. Ikiwa mwekundu umepotea na umeingia mchanga wa kijivu, usichimbe tu kina kilekile kwa mazoea. Fuata tabaka, na uandike kina kilivyobadilika. Chekecha kwenye chekeche la milimita 2, weka kilo moja na nusu hadi mbili kwenye mfuko, tia kibandiko chenye namba ndani na uandike namba hiyohiyo nje. Wachotaji wavue pete, bangili na mikufu. Hili si jambo dogo, kwani tunapima vitu vya kiwango ambacho mkwaruzo wa pete unaweza kukiharibu. Katika daftari andika rangi ya udongo, kundi lake kati ya yale matatu, mteremko unaelekea wapi, na chochote kilicho jirani.

Cha jirani kinachoharibu zaidi ni kazi ya binadamu. Karasha za kusagia mawe, mialo ya kuoshea dhahabu, marundo ya marudio (mchanga uliokwisha kuoshwa), mashimo ya kuchenjulia kwa sayanaidi, na barabara zilizomwagiwa kifusi cha mgodini huacha dhahabu na zebaki katika udongo ambao kwa asili hauna kitu. Pale Geita, ambako magwangala, yaani mawe ya mabaki ya mgodini, yamebebwa na kusambazwa mbali na yalikotoka, hata kijiwe kizuri kilichookotwa kando ya njia hakithibitishi chochote. Weka alama ya kila chanzo cha uchafuzi kwenye ramani, na ruka vituo vilivyo karibu nacho badala ya kujipa namba itakayokudanganya baadaye.

Watu huniuliza kuhusu vifaa vinavyouzwa kwa bei kubwa vikidaiwa kuonyesha dhahabu iliyo mita 30 chini ya ardhi. Kifaa halali cha kutambua metali huhisi punje kubwa katika kina kidogo, mara nyingi sentimita chache hadi makumi ya sentimita. Dhahabu nyingi ya Kanda ya Ziwa ni chembe ndogo zilizofungwa ndani ya kwatzi na pairaiti, na hakuna kifaa cha kushika mkononi kinachoweza kuziona kutoka juu. Fedha hiyo inunulie vipimo vya maabara.

Kufanya kazi juu ya mbuga

Sampuli ya juu ya mbuga nene hupima mbuga yenyewe. Wapo waliochota mamia ya sampuli juu ya mfinyanzi mweusi, wakapata majibu ya chini kila mahali, wakaandika kwamba eneo halina dhahabu, ingawa hawakuwa wamelipima eneo hilo bado. Njia sahihi ni kupenya. Mbuga ikiwa ya mita tatu au nne, tumia keekee ya mkono au ya injini. Ikiwa nene zaidi, kodi mashine nyepesi ya kuchoronga kwa upepo, ambayo hutoboa mashimo mafupi kwa haraka hadi kuugusa mwamba uliooza. Katika kila shimo chukua sampuli mbili: moja pale mbuga inapokutana na kilicho chini, kwa kuwa changarawe za mpaka huo huweza kubeba dhahabu iliyosambaa kutoka mshipa wa jirani, nyingine ndani ya mwamba uliooza wenyewe. Zihifadhi kama makundi mawili tofauti katika hesabu zako.

Pale ambapo kifuniko ni chembamba, vichuguu vinaweza kusaidia. Mchwa hupandisha udongo kutoka chini kutafuta unyevu na mfinyanzi wa kujengea, na kichuguu kikubwa huweza kubeba chembe kutoka tabaka ambalo jembe halifiki. Chota kutoka pande kadhaa za kichuguu na ukichukulie kama dalili ya kuongoza, usikifanye ushahidi wa mwisho. Upimaji wa usumaku kwa miguu nao hufaa sana juu ya mbuga, kwa sababu mfinyanzi hauuzuii. Mwamba wa chuma wenye mistari utaonekana wazi hata ukiwa umezikwa, pamoja na mahali ulipokatwa na mpasuko.

Kuyasoma majibu

Maabara itakupa majibu ya udongo katika sehemu kwa bilioni. Sehemu moja kwa bilioni ni miligramu moja ya dhahabu katika tani moja, hivyo sehemu 1,000 ni sawa na gramu moja kwa tani. Udongo wa kawaida huwa na sehemu chache tu, na kiwango cha kuanza kutia shaka lazima kitoke katika takwimu za eneo lako. Panga majibu yote kutoka dogo hadi kubwa, kila kundi la udongo peke yake, kisha tazama asilimia tano za juu zimekaa wapi kwenye ramani. Kwangu mimi, sehemu 8 zilizojipanga kwenye mistari mitatu mfululizo juu ya udongo uliozaliwa papo hapo zina uzito kuliko sehemu 60 zilizotokea mara moja kwenye moramu.

Sababu ya kutoiamini namba moja kubwa inaweza kuonyeshwa kwa hesabu. Punje ya dhahabu yenye kipenyo cha moja ya kumi ya milimita, ambayo jicho huiona kwa shida, ina uzito wa takribani mikrogramu 10. Punje hiyo ikiangukia ndani ya gramu 50 ambazo maabara huyeyusha tanurini, jibu litakuwa sehemu 200 kwa bilioni. Isipoangukia humo, jibu litakuwa sifuri, na udongo ni uleule wa mfuko mmoja. Kama punje hiyo ndiyo pekee katika mfuko wa kilo mbili, kiwango halisi cha mfuko ni sehemu 5 tu. Ndiyo maana sampuli kubwa, iliyosagwa vizuri kabla ya kugawanywa, ina thamani kuliko sampuli ndogo iliyopimwa kwa mashine ya gharama.

Kwa sababu hiyohiyo lipia pia elementi zinazosafiri pamoja na dhahabu: arseniki, antimoni, bismuthi, teluri, tangsteni, na shaba pale ambapo jiolojia inafanana na ya Bulyanhulu. Hizi hutawanyika sawasawa zaidi kuliko dhahabu, hivyo huchora umbo la mkanda hata pale ambapo dhahabu yenyewe inaruka-ruka. Mkanda wa arseniki unaofuata mpasuko uliokwisha kuuchora, ukiwa na dhahabu kidogo hapa na pale, ni lengo zuri. Kumbuka vilevile kwamba udongo hushuka mteremko. Kilele cha majibu kikiwa katikati ya mteremko, chanzo kiko juu yake, na mtu anayechoronga moja kwa moja chini ya kilele hicho huenda akaukosa mshipa kwa makumi ya mita.

Pale ambapo mwamba uko karibu, kata mtaro mmoja au miwili kuvuka dalili kabla ya kuita mtambo. Chota kwa mkato unaoendelea kwenye ukuta wa mtaro, mita kwa mita, ukisimama pale mwamba unapobadilika. Mtaro wa kina kinachozidi mita moja na nusu usiingiwe bila kuta zake kukatwa kwa mteremko au kuwekewa matimba.

Uchorongaji

Shimo la kuchoronga linajibu swali moja tu, nalo ni lile uliloliuliza kwa kuchagua mahali, mwelekeo na mwinamo wake. Swali baya hugharimu sawa na swali zuri. Shimo linapaswa kuukata mshipa, si kuufuata. Mshipa uliosimama wima ukichorongwa kwa shimo la wima, ama utaukosa kabisa, ama utatembea ndani yake na kupata makumi ya mita za dhahabu ambazo si upana wa mshipa hata kidogo. Kwa hiyo elekeza shimo upande unaopingana na mwinamo wa mshipa, kwa kawaida likiinama nyuzi 50 hadi 60 kutoka usawa wa ardhi.

Ukiwa bado huna uhakika wa mwinamo, panga mashimo kwenye mstari mmoja ili kila moja lianzie juu ya pale lililotangulia lilipoishia. Shimo la mita 80 lililoinama nyuzi 60 husogea mbele mita 40 na kushuka takribani mita 69; ukiweka vichwa vya mashimo kila mita 40, hakuna mshipa uliosimama utakaopita katikati bila kuguswa. Mstari mmoja kamili wa namna hiyo una faida kuliko mashimo matano yaliyotawanywa juu ya namba tano nzuri za udongo.

Kwa hatua ya kwanza mtambo unaofaa ni wa RC (reverse circulation), unaosaga mwamba na kupandisha vipande ndani ya bomba ili visigusane na kuta za shimo. Shimo lenye kipenyo cha milimita 140 hutoa kama kilo 40 za mwamba mgumu kwa kila mita. Pima uzito wa mifuko hiyo pale pale. Ikishuka ghafla hadi kilo 15, sehemu kubwa ya mita hiyo imepotea, na jibu lake liandikwe kwa tahadhari hata likiwa zuri. Gawanya kwa kigawanyio cha mtambo upate kilo mbili hadi tatu za kupeleka maabara, osha kiganja cha vipande kutoka kila mita, viweke kwenye kisanduku chenye vyumba vyenye namba, na uandike mwamba, rangi, kwatzi, pairaiti na kiasi cha kuoza. Kuosha sampuli ya kila mita kwenye karai ili kuona punje za dhahabu kunasaidia kuamua shimo liendelee au la, mradi usilifanye mbadala wa maabara. Maji yakizidi nguvu ya kompresa na sampuli zikaanza kutoka kama uji, simamisha. Dhahabu ya mita za juu itashuka na kuchafua za chini, na utalipia mkanda usiokuwepo.

Usilisimamishe shimo ndani ya mfinyanzi mweupe au wa manjano wa mwamba uliooza kwa sababu tu hauonyeshi kitu. Katika ardhi iliyooza kwa muda mrefu chini ya jua na mvua za tropiki, dhahabu huweza kuhamishwa kutoka sehemu ya juu ya mwamba uliooza, ikajikusanya kwenye moramu juu yake, na kubaki salama katika mwamba mbichi chini. Palipo na moramu yenye dhahabu na mfinyanzi mtupu, jibu liko chini zaidi, makumi ya mita wakati mwingine, na mpango wa fedha uandaliwe kwa kina hicho tangu mwanzo. Kikundi kisichokuwa na mtambo kinaweza kuulizia huduma ya uchorongaji kutoka STAMICO, shirika la taifa la madini, ambalo limekuwa likiwachorongea wachimbaji wadogo.

Mashimo ya kwanza yakithibitisha mkanda, unahitaji mashimo machache ya kutoa nguzo nzima ya mwamba, kwa kipenyo cha milimita 63.5 kwenye sehemu iliyooza na 47.6 chini yake. Hapo ndipo utakapopima mwinamo halisi wa mshipa, kuona dhahabu imekaa kwenye kwatzi au kwenye pairaiti ya ukutani, na kujua mwamba utashikilia vipi mgodi. Pima urefu uliopatikana dhidi ya urefu uliochorongwa kila mara bomba linapopanda, weka alama ya upande wa chini kabla nguzo haijageuzwa, piga picha, kisha ikate katikati kwa msumeno. Nusu moja iende maabara, nyingine ibaki. Jambo jingine la eneo letu: mashimo hupinda yakishuka, na kifaa cha kupima mwelekeo kinachotegemea dira hudanganywa na miamba ya chuma. Kwenye aina hiyo ya mwamba tumia kifaa cha jairo, ambacho hakitegemei sumaku.

Tahadhari juu ya vipimo na hesabu

Katika kila sampuli 20, ingiza moja isiyo na dhahabu kabisa, moja yenye kiwango kilichothibitishwa, na moja iliyochotwa mara mbili mahali pamoja. Zipewe namba za mfululizo kama nyingine ili maabara isizitambue. Mfuko usio na dhahabu ukirudi na dhahabu, kuna uchafuzi katika usagaji, na kundi zima lirudiwe kabla ya kuamini lolote. Kwenye mkanda wenye punje kubwa, agiza kilo nzima isagwe na kuchekechwa, punje zilizobaki juu ya chekeche zipimwe zote peke yake.

Majibu ya shimo yaandikwe kwa upana wa kweli. Mita 10 za dhahabu katika shimo lililoinama nyuzi 60 na kukata mshipa wa wima ni mita 5 tu za mshipa. Angalia pia wastani umetokana na nini: mita 10 zenye wastani wa gramu 5 kwa tani zinaweza kuwa mita 9 za gramu moja na mita moja ya gramu 41. Ondoa hiyo moja na mkanda wote ni wa gramu moja. Mwekezaji au benki itakayokuja kuhakiki itaiona tofauti hiyo mapema, na ni heri umwonyeshe mwenyewe.

Kuendelea au kuacha kuamuliwe kabla mtambo haujafika, ukiwa bado hujachoka na hujashikwa na matumaini. Mistari mitatu ya mashimo ikivuka dalili yako bora, ikafika mwamba mbichi, na isikute kwatzi, pairaiti wala mwamba uliobadilika rangi, hamia kwenye dalili ya pili. Ikikuta mabadiliko hayo yote bila dhahabu ya kutosha, usiondoke bado. Mkanda huo huo unaweza kuwa tajiri mita 200 mbele, pale mpasuko unapopinda au unapokutana na mwamba wa aina nyingine. Mashimo yaliyokamilika yazibwe kwa kizibo na zege lenye namba ya shimo, mashimo ya tope yafukiwe kabla mifugo haijaanza kuyanywea maji, na nusu za nguzo, visanduku vya vipande na unga uliorudishwa na maabara vitunzwe mahali pakavu palipofungwa, kwa sababu mtu wa kwanza atakayeonyesha nia ya kuungana nawe ataomba kuvipima upya.